Bawaba ya Juu

Siku kaka yake alipofariki, mwalimu wa darasa la sita alikuwa ubaoni akigawanya mraba katika vipande sawa. Mlango ukabishwa. Msichana mrefu aliyekaa peke yake kwenye dawati la mlangoni, wenzake wakimwita Twiga, aliinuka bila kuambiwa. Alikita goti chini ya ubao wa katikati wa mlango, akaunyanyua kidogo, akauvuta. Mlango ulilia, ukafunguka nusu. Mlinzi wa geti akachungulia, kofia mkononi.

"Mwalimu, kuna simu ofisini. Wanasema uende hospitali. Kaka yako."

"Kaka yangu amefanya nini?"

"Wamesema uende tu."

Alitia chaki kwenye mfuko wa sketi badala ya kuirudisha kwenye kisanduku, akatoka. Twiga akaunyanyua mlango tena, akaufunga nyuma yake.

Hospitalini, watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi ya mapokezi. Nesi mmoja wa makamo, mwenye viatu vya mpira, alimshika mkono akamvuta kando, penye ndoo za kudekia.

"Wewe ndiye dada yake? Pole, dada. Pole sana." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Alikuja mapema, kabla hatujafungua dirisha la kuandikisha. Akakaa kwenye benchi la mlangoni."

"Alisema anaumwa nini?"

"Ndiyo hivyo sasa. Hakusema." Nesi alijifuta uso kwa kiganja. "Kila mtu akija, yeye anainuka anamfungulia. Akaja mama mjamzito, akamfungulia, akamshika mkono mpaka kwenye kiti. Wakaleta mzee kwenye machela, akashika upande mmoja. Mimi mwenyewe nilimwambia, kaka, hebu tufungie huo mlango, vumbi linaingia. Akafunga. Tulidhani... usinielewe vibaya, dada. Tulidhani ndiye bawabu mpya."

Mwalimu alimtazama mdomo tu.

"Wote waliomkuta wametibiwa wakaenda," nesi alisema. "Alipokaa mara ya mwisho akaegemea ukuta, tukadhani amesinzia."

Hospitali haikukosea sana. Bawabu lilikuwa jina la kaka yake tangu utotoni.

Walisoma shule ile ile ambayo mwalimu anafundisha sasa, katika darasa lile lile, na mlango ulikuwa huu huu. Kila baada ya mtihani madawati yalipangwa upya. Aliyeongoza alikaa mbele, upande wa dirisha, palipokuwa na mwanga na hewa. Aliyeshika mkia alikaa mlangoni, peke yake, akaitwa bawabu wa darasa. Bawaba ya juu ya mlango ilikuwa imevunjika, kwa hiyo mlango ulining'inia na kukwaruza sakafu. Bila mtu wa kuunyanyua kwa goti haukufunguka. Kazi hiyo ilikuwa ya bawabu. Alifungua, alifunga, alikimbilia chaki, alirudisha kikombe cha mwalimu ofisini. Nusu ya somo ilimkuta amesimama. Mtihani ukija tena, alishika mkia tena, na watu walisema unaona, hapo ndipo pake.

Kaka mtu alirudia darasa, mdogo wake akamfikia. Wakawa chumba kimoja, dada dirishani, kaka mlangoni. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Dada akitumwa ofisini na madaftari, kaka alimfungulia kwa saluti kubwa ya askari, kifua mbele, na wote wawili walicheka. Baadaye wenzake wa dirishani nao wakaanza kucheka, na kicheko chao kilikuwa kingine. Basi dada akaacha kucheka. Akawa anapita tu, macho yakitazama mbele, kama mtu anayefunguliwa na mtu asiyemjua.

Kaka yake hakukomaa na uchungu, au kama alikomaa nao hakuuonyesha. Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye turubai mbele, na wateja waliokaa pale kusubiri walisimuliwa kisa kile kile kila mara.

"Mnajua kwa nini naitwa Bawabu? Mwalimu wetu aliandika kwa wakubwa, akaomba bawaba ya mlango. Bawaba, ile ya chuma. Jibu likarudi: hakuna fungu la kuajiri bawabu, tumieni wanafunzi." Alisubiri wacheke kwanza, ndipo akamalizia huku misumari midogo ikiwa imebanwa mdomoni. "Kwa hiyo mkiniona, mjue mnaona chuma kilichokosekana."

Makochi ya sebuleni kwa mwalimu aliyatengeneza yeye. Kitambaa cha rangi ya kahawia, mishono miwili miwili, sponji ngumu isiyobonyea. Alipokuja kumtembelea hakuyakalia hata siku moja. Alivuta kigoda hadi karibu na mlango.

"Kaka, njoo ukae huku. Umeyatengeneza mwenyewe."

"Niache hapa, nina vumbi la sponji."

Na mgeni mwingine akibisha, ndiye aliyeinuka kumfungulia. Walimu waliofundisha na dada yake walimpita wakamsalimu kwa kichwa, wakaenda kukaa. Mwalimu hakuwaambia ni nani. Msibani, mwalimu wa sayansi alimnong'oneza, "Kumbe yule fundi ni kaka yako wa damu? Mimi miaka yote nilidhani anakusaidia kazi za nyumbani."

* * *

Asubuhi aliyorudi kazini, mwalimu aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akapika uji, akamwamsha binti wa marehemu. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, amejikunja upande wa mlango. Watu walimwita Pini. Tangu ajue kutembea, kazi yake kwenye karakana ya baba yake ilikuwa kupitisha sumaku mavumbini na kuokota pini na misumari iliyodondoka. Mama yake aliolewa kwingine zamani. Sasa alibaki na shangazi, na shangazi ndiye pia mwalimu wake wa darasa.

"Kunywa wakati bado wa moto."

"Shangazi, leo nitakuita Shangazi au Mwalimu?"

"Getini ni Mwalimu. Tukitoka ni Shangazi."

"Na katikati?"

"Katikati unaninyamazia."

Pini alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa na kicheko cha baba yake, cha puani. Juu ya meza yalikuwa bado madaftari ya jana jioni, walipokuwa wakifanya hesabu za sehemu. Mtoto alizifanya zote, ile ya tano hata kabla shangazi hajamaliza kuisoma.

Njiani, mwenye nyumba ya karakana aliwasimamisha mbele ya duka lake. Alitoa pole kwa sauti nzito, akashika kifua, kisha akasema mpangaji mwingine anataka kuingia.

"Leo hii?"

"Mwalimu, mimi nakuelewa sana. Lakini chumba hakijui msiba. Jioni nikute kimeondolewa vitu."

"Jioni," mwalimu alisema.

Matokeo ya mtihani yalikuwa yameshabandikwa ukutani, nje ya ofisi. Watoto walikuwa wamelundikana, wanasukumana. Twiga alitoka katikati yao akiruka, mikono juu, akaja mbio kumpokea Pini.

"Nimetoka! Jamani nimetoka mlangoni!" Halafu akakumbuka, akashusha mikono. "Pole ya baba. Ila... wewe ndiye umeingia. Shika ufalme wako."

Pini alimtazama shangazi yake. Shangazi alikuwa ameshageukia mlango wa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa akipiga pasi koti juu ya meza yake ya ofisi, ameitandika shuka. Pasi ilikuwa na waya mfupi, ikamlazimu kuinama.

"Karibu, Mwalimu. Pole tena. Umekuja siku yenyewe. Mkaguzi anafika kabla ya chai, na darasa lako ndilo nimempangia. Madawati yawe yamepangwa kwa matokeo mapya. Anapenda sana kuona jambo hilo."

"Mkuu, yule mtoto wa kaka yangu hakufanya hesabu. Siku ya mtihani wa hesabu tulikuwa tunazika."

"Najua. Nilikuwepo. Nilitupa hata udongo."

"Kwa hiyo hawezi kuwa wa mwisho. Hakuna mtihani wa kumpima."

"Asiyefanya anapata sifuri. Sifuri haiulizwi sababu." Alinyanyua pasi, akaitazama, akaishusha. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wewe umekaa na darasa hili kwa muda gani? Pale mlangoni umewakalisha wangapi? Yule aliyekuwa na ugonjwa wa damu, mama yake alikuja akalia hapa hapa nilipo. Ulimwambia nini?"

Mkuu aligeuza mkono wa koti.

"Ulimwambia, mama, ndio utaratibu. Leo imefika kwa wa kwako, utaratibu umekuwa mbaya? Na wale wazazi wengine watuelewe vipi?"

Hakuwa mtu katili. Kila neno alilosema lilikuwa neno la mwalimu mwenyewe, amerudishiwa likiwa limepigwa pasi.

"Halafu," mkuu aliongeza, akivaa koti, "mlango ule bila mtu haufunguki. Unataka mkaguzi asukume kwa bega?"

Darasani, watoto walikuwa wakihamisha vitu vyao kwa kelele. Waliopanda walikung'uta madawati mapya kwa vitambaa. Walioshuka walijifanya wanatafuta kalamu. Twiga alikuwa mlangoni anamfundisha Pini, kwa upole wa mtu anayekabidhi kitu alichokichoka.

"Goti lako liweke hapa, kwenye alama. Usinyanyue kwa mkono, utachubuka. Halafu unavuta huku unahesabu moja, mbili."

"Najua," Pini alisema. "Baba alinionyesha."

"Baba yako alijuaje mlango wetu?"

Pini alipandisha mabega.

Chini ya ubao wa katikati, rangi ya mlango ilikuwa imeliwa, pakawa na kibonde laini chenye umbo la goti la mtoto. Mwalimu alikuwa ameuona mlango ule maisha yake yote, na kibonde kile hakuwahi kukitazama. Miongoni mwa magoti yaliyokichimba lilikuwamo la kaka yake. Na mengine yote ya karibuni ni yeye aliyeyapeleka pale, mtihani baada ya mtihani, akisoma majina kwa sauti ya kawaida.

Kabla ya masika yaliyopita, kaka yake alikuja hadi getini akamwita. Alikuwa na baiskeli, na sanduku la vifaa limefungwa nyuma.

"Bado hamjaitengeneza ile bawaba?"

"Bado, kaka."

"Nipe Jumamosi moja. Sitaki kitu. Nakuja na bisibisi yangu, nafunga, naondoka."

"Shule ina utaratibu wake. Lazima mkuu aidhinishe."

"Basi muulize."

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Mkuu asingekataa, angefurahi kupata kazi ya bure. Lakini mwalimu alijiona amesimama uani siku ya Jumamosi, walimu wengine wapo kwa masomo ya ziada, na kaka yake amepiga magoti mlangoni pa darasa lake na sanduku lile lenye mabaki ya sponji, akiwasimulia wote kisa cha bawaba na bawabu, na kumalizia kwa kumnyooshea kidole: na huyu mdogo wangu alikuwa anakaa pale dirishani. Kila mara kaka alipouliza alijibiwa bado. Baadaye akaacha kuuliza.

"Pini," mwalimu alisema sasa. "Toka hapo. Kaa na Twiga, safu ya kati."

Pini akabeba daftari lake, akahama.

"Na mlangoni, Mwalimu?" kiranja aliuliza kutoka dirishani. "Atakaa nani?"

"Hakuna. Mtu akibisha nitafungua mwenyewe."

Kiranja alitazama wenzake. Mmoja nyuma alinong'ona, akasikika vizuri, "Kwa sababu ni wa kwao." Na mwalimu alijua kwamba mtoto yule hakusema uongo.

* * *

Mkaguzi alibisha mwalimu alipokuwa ubaoni, mgongo umegeukia darasa, akiandika swali la sehemu. Mwalimu aliweka chaki chini. Kutoka ubaoni hadi mlangoni palikuwa na upana wa chumba kizima na miguu ya watoto. Alikuwa bado hajafika katikati Pini alipoinuka.

Hakuna aliyemwita. Alipita mbele ya magoti ya Twiga, akaenda mbio ndogo za unyayo, akakita goti kwenye kibonde, moja, mbili, mlango ukafunguka hadi mwisho. Akajibana nyuma yake, viganja vimekutana mbele, kichwa kimeinama upande mmoja. Mwalimu alisimama katikati ya darasa kama aliyepigwa. Ndivyo kaka yake alivyosimama. Hata bega moja lilikuwa chini kuliko jingine.

"Karibuni ndani," Pini alisema.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mkoba mkubwa, miwani mnyororoni. Aliingia taratibu, mwalimu mkuu nyuma yake na koti lake lililonyooka.

"Ahaa. Huyu ndiye bawabu?"

"Ndiye," mkuu alijibu haraka. "Utaratibu wetu wa tangu zamani. Unawajenga watoto. Kila mmoja anajua nafasi yake."

"Adabu nzuri mno. Shule nyingine unabisha hadi vidole vinauma." Mkaguzi alisoma swali lililokuwa ubaoni, akarudisha macho kwa Pini. "Haya, bawabu. Hebu tusaidie hilo. Robo tatu ukitoa nusu?"

Lilikuwa swali la jana jioni, lile la tano. Mwalimu aliona midomo ya mtoto ikianza kulitengeneza jibu. Kisha ikafunga.

"Mimi wa mlangoni," Pini alisema kwa adabu. "Ulizeni wa mbele."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi naye alicheka, tumbo likatikisika, akamgusa kichwa mtoto, akamgeukia kiranja. Kiranja alijibu kwa sauti. Makofi yakapigwa. Pini alipiga makofi pia.

"Mheshimiwa," mwalimu alisema.

Mkuu alimkonyeza asiendelee.

"Mheshimiwa, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Jibu analijua. Baba yake alikaa dawati hilo hilo, na mlango ulikuwa umevunjika vile vile. Anakaa mtoto hapo kwa sababu mlango hauna bawaba. Hakuna sababu nyingine. Milango ya madarasa mengine nayo inaelekea huko. Naomba uandike kwamba kila darasa linahitaji bawaba."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani, uso umelainika.

"Kaka yako yuko wapi sasa?"

"Amefariki."

"Ooh. Pole sana, Mwalimu. Pole." Alitoa kalamu, akaandika papo hapo, amesimama. "Nimekupata. Jambo zuri sana hilo. Kila darasa. Nimeandika."

Mwalimu alirudi ubaoni na miguu myepesi. Kwa mara ya kwanza tangu hospitalini alivuta pumzi ikafika chini. Somo likaendelea. Pini alibaki amesimama nyuma ya mlango mpaka mgeni alipoondoka, kwa sababu bawabu hakai mgeni akiwamo.

Wakati wa chai walimu wote waliitwa ofisini kusikiliza mapendekezo. Mkaguzi alikula andazi, akafuta vidole, akasoma. Vyoo vipakwe chokaa. Maandalio ya masomo yawekwe vizuri.

"Pendekezo la tatu," alisoma. "Kwa kuzingatia maoni ya mwalimu wa darasa la sita, na kwa kumuenzi marehemu kaka yake aliyewahi kutumikia nafasi hiyo, shule ihakikishe kila darasa lina bawabu."

Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa sayansi alimpigapiga begani. Mkuu, aliyekuwa amenuna tangu darasani, alitabasamu hadi magego.

"Bawaba," mwalimu alisema.

"Naam?"

"Nilisema bawaba, mheshimiwa. Ya chuma. Ya kufungia mlango."

Mtu akacheka puani, na mwingine, na chumba kizima kikacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka kwa neno lililokosewa. Mkaguzi alicheka kuliko wote. Aliitazama karatasi yake, akaitazama mihuri miwili iliyokwisha kukauka chini yake.

"Mwalimu jamani, herufi moja tu hiyo. Nishagonga mhuri. Tutarekebisha ripoti ijayo."

Alifunga mkoba. Mwalimu mkuu akainuka kumfungulia mlango wa ofisi, ambao ulikuwa na bawaba zote.

* * *

Walipotoka shule Pini hakuuliza kitu. Walikwenda moja kwa moja karakana. Turubai lilikuwa limeshashushwa, na mwenye nyumba alikuwa amekaa nje juu ya sponji ya marehemu.

"Harakisheni kidogo, Mwalimu."

"Inuka kwanza hapo ulipokaa," mwalimu alimwambia. "Ni ya kwake."

Mwenye nyumba aliinuka.

Ndani mlikuwa na fremu ya kochi ambalo halijavikwa kitambaa, mikasi, stepla, gunia la vipande. Pini alipitisha sumaku sakafuni mara ya mwisho, kona hadi kona, akaijaza misumari, akaimimina kwenye kopo. Mwalimu alifungua sanduku la vifaa. Juu kabisa, juu ya nyundo na bisibisi, palikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa cha kahawia. Kitambaa cha makochi ya sebuleni kwake. Alijua kilichomo kabla hajakifungua, akakaa chini sakafuni.

Bawaba mpya, bado ina mafuta ya kiwandani, na skrubu zake.

"Hiyo ya mlango wenu," Pini alisema. "Baba alikuwa anakusubiri umwambie Jumamosi gani."

Mwalimu aliifunika kitambaa, akaifunua tena.

"Aliniambia nini cha kufanya nikifika darasa la sita, unajua?" mtoto aliendelea. "Alisema mlango ukibishwa usimwache mtu nje. Yeye wa mlangoni, na mimi mtoto wake, kwa hiyo na mimi."

"Pini, wewe si wa mlangoni."

"Lakini nilikuwa wa mwisho, Shangazi. Umeona ukutani."

Mwalimu alikuwa na majibu mengi, amefundisha kwa majibu maisha yake yote, na kila alilolishika lilikuwa la mtu aliyekaa dirishani.

"Beba sanduku," alisema. "Mimi nitabeba fremu. Tunapita shule."

Jua lilikuwa bado juu ya paa la madarasa. Mlinzi wa geti aliwatazama, akaona sanduku, hakuuliza. Waliweka tofali chini ya mlango ili usimame sawa. Bisibisi ilimkataa mwalimu mara ya kwanza na ya pili. Matundu ya zamani yalikuwa yamepanuka, skrubu zikawa zinazunguka bure. Pini alimwambia ajaze njiti za kiberiti kwenye matundu, kwanza azivunje vichwa. Baba ndivyo afanyavyo, alisema, halafu akajisahihisha: alivyofanya. Zikashika. Mwalimu alikaza kwa mikono miwili mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu, ambayo kaka yake angeimaliza akipiga mluzi, na kila mzunguko wa bisibisi ulimwuliza Jumamosi gani.

Waliondoa tofali. Mwalimu aliusukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda wenyewe, kimya, mpaka ukutani. Akaurudisha kwa kidole kile kile.

"Haya," alisema. "Sasa haumhitaji mtu."

Pini alitazama juu, penye chuma kipya, kisha chini, penye kibonde cha goti.

Mwalimu mkuu alipouona mlango alimwandikia mwalimu onyo kwa kufanya ukarabati bila kibali, akamrudisha mtoto dawati la mlangoni kama ilivyo kwenye matokeo. Pendekezo la tatu limetekelezwa. Kila darasa sasa lina bawabu. Mlango wa darasa la sita unafunguka kwa kidole, na wageni wengi huingia wenyewe kabla ya kukaribishwa. Mtu akibisha, Pini bado anainuka.